Toa Kumi

Jumamosi, tarehe 4

Nimempoteza mdogo wangu jana Ijumaa, saa tisa na dakika hamsini alasiri. Hajafa. Yuko mita mia nne kutoka hapa, kwenye uwanja wa shule, anasugua saruji kwa ufagio wa chuma.

Nilimpa mpaka saa kumi kamili awe amejibu. Akajibu dakika kumi kabla. Hata katika kuondoka alitaka kunizidi!

Naandika ili ijulikane nani alimfanyia nani nini. Miaka kumi na minne tumefanya kazi pamoja, mimi na yeye, duka moja, ngazi moja. Nilianza na kopo moja la rangi nyeusi na brashi ya kuazima. Sikuachiwa kitu na mtu. Yeye nilimkuta ametoka shule hana la kufanya, nikampa kazi ya kunishikia ngazi. Leo mshika ngazi anataka jina lake kwenye kibao cha duka.

Kibao kinasema BWANA TEPU, MABANGO NA RANGI. Bwana Tepu ni mimi. Watu waliniita hivyo kwa sababu sitoki nyumbani bila tepu ya kupimia mfukoni. Nilimwambia nafasi hakuna. Akaniuliza kama nimepima. Nikamjibu kwamba mtu kama mimi hana haja ya kupima kibao chake mwenyewe. Akanikumbusha kwamba aliyekiandika ni yeye. Hapo ndipo damu ilipopanda. Nikamwambia achague: kibao kibaki kilivyo naye abaki, au aende zake. Jibu kabla ya saa kumi.

Sikutegemea angechagua.

Ameondoka na ngazi (kweli, alinunua yeye), rola tatu, brashi tisa, zile karatasi ngumu alizokata herufi, na kazi ya shule. Hii ya mwisho ndiyo inayoniuma. Mwalimu mkuu anataka uwanja wa saruji uchorwe barabara ndogo ndogo zenye mishale, vivuko, mzunguko wa kati na alama za kusimama, ili watoto wajifunze kuendesha baiskeli na kuvuka mahali ambapo hakuna gari la kuwagonga. Anaiita bustani ya barabara. Bustani isiyo na ua hata moja! Mchoro alichora mdogo wangu, kwenye meza yangu, kwa penseli yangu. Mwalimu mkuu alipoambiwa tumeachana, akasema kazi ni ya aliyechora. Kwa hiyo sasa ukoo wetu una mkandarasi. Amekuwa mkandarasi tangu jana jioni.

Uzinduzi ni Jumamosi ijayo. Siku saba.

Mke wangu kaniuliza nitaenda lini kumwomba radhi wifi yake. Nimemwambia atarudi mwenyewe. Amesahau uzi wa chaki, upo hapa. Bila uzi wa chaki hakuna mstari ulionyooka, na bila mstari ulionyooka hakuna barabara. Nampa mpaka kesho mchana.

Jumapili, tarehe 5

Mchana umefika, umepita. Hakuja.

Nimekaa dukani tangu asubuhi, uzi wa chaki juu ya meza, mahali unapoonekana kutoka mlangoni. Nimeusogeza mara nne ili usionekane umewekwa makusudi. Aliyeingia ni kinyozi wa jirani, peke yake. Kauliza kama unauzwa.

Saa nane nikarudi nyumbani. Nguo mbichi kila mahali. Mashuka juu ya viti, soksi za binti yangu juu ya redio, shati langu jeupe limening'inia mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Kamba ya kuanikia haipo. Mama kampa mdogo wangu. Mama anaishi nasi, chumba cha nyuma, na anaamini hakuna kitu ndani ya nyumba hii kisicho chake. Nikamuuliza inakuwaje anawasaidia watu walionitupa. Akasema yeye alizaa watoto wawili, hakuzaa mmoja na nusu. Kisha akaniagiza niliondoe shati langu pale, linamdondokea.

Kamba ya nguo! Kaipaka vumbi la chaki, kaivuta, kaipiga chini, basi, mstari. Binti yangu alikuwepo. Analeta habari kwamba mistari ya shangazi imenyooka kuliko ya baba. Ana miaka minane. Nimemwambia kwanza amalize hesabu alizopewa shuleni.

Mpango wa pili. Kila kazi inayofanyika shuleni lazima isimamiwe na mzazi mmoja kutoka kwenye kamati. Mimi nimo kwenye kamati.

Jumatatu, tarehe 6

Nimechaguliwa msimamizi! Mikono sita ilinyooshwa. Wengine hawakusikia swali.

Mpango ni huu. Nitasimama uwanjani kila siku. Ataniona. Atakumbuka. Atachoka kuwa peke yake, ataniomba nimshikie kitu. Nitakishika. Kutoka hapo mambo yatajiendea.

Nimefika saa mbili na nusu, kalamu sikioni. Kaniamkia vizuri, shikamoo kaka, akaniuliza habari za nyumbani, akarudi kwenye kazi yake. Heshima kamili, kama anavyoamkiwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Bora angenitukana.

Upande wa kushoto amekwisha kuupaka. Nimepima kila kitu. Upana wa barabara sentimita mia na ishirini, sawa. Kivuko mistari saba, sawa. Mzunguko wa kati nimeupima mara kumi na mbili, kutoka katikati hadi ukingoni, nikitafuta kosa hata la unene wa ukucha. Hakuna. Duara lake halijawahi kuhitaji kamba. Mimi sijachora duara maishani mwangu. Huwa nachora yai, namwachia yeye alitengeneze. Nilikuwa namwachia.

Kwenye ripoti nimeandika: mishale miembamba. Akaisoma yote, akaniuliza wifi hajambo?

Ana tepu mpya. Ya njano. Inaanzia sifuri. Hiyo imeniuma kuliko ngazi.

Hapa lazima nieleze. Tepu yangu ilikatika ncha mwaka wa tatu wa duka. Nikaondoa sentimita kumi za mwanzo kwa mkasi, nikaendelea nayo. Tepu nzima kabisa, ila inaanzia kumi. Kwa nini nitupe mita nne na tisini nzuri kwa ajili ya sentimita kumi mbovu? Kanuni ya duka ikawa hii: anayeshika tepu anasoma namba anayoiona, anayeshika penseli anatoa kumi ndipo aandike. Mimi nasoma, yeye anatoa. Miaka kumi na moja hatujakosea bango hata moja. Wageni wakitusikia wanadhani tunagombana. Mita mbili na arobaini! Toa kumi! Mbili na thelathini!

Leo nimepima peke yangu na kutoa peke yangu. Si sawa.

Jumanne, tarehe 7

Imetokea! Ameniomba nimshikie!

Upande wa kulia kuna ukuta wa madarasa wenye nguzo tisa. Kati ya nguzo na nguzo kuna nafasi, jumla nane, na kila nafasi ina mlango wa darasa. Mdogo wangu anataka barabara ya upande ule iende sambamba na ukuta, na kila mlango uwe na alama yake mbele. Kwa hiyo lazima kupima nafasi moja moja, na ukuta umejaa mabenchi. Mtu mmoja hawezi kushika ncha mbili. Akasimama, akaangalia huku, akaangalia kule, akauliza kama kaka ana dakika kumi.

Kaka alikuwa nazo. Nikatoa tepu yangu haraka kabla hajatoa yake. Akaitazama ile tepu, akanitazama mimi, nadhani alijizuia kucheka. Akachukua penseli.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipokuja kusimama nyuma yangu, mikono mgongoni, miwani kwenye ncha ya pua. Nikaona macho yake yanashuka taratibu kuelekea kwenye ncha ya tepu. Ncha iliyokatwa kwa mkasi, tena upogo. Msimamizi mzima, na tepu kama iliyotafunwa na panya! Nikaifunika kwa kidole gumba. Niliona tatu na sitini. Nikatoa kumi kichwani, nikatangaza kwa sauti ya kamati: mita tatu na hamsini! Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nafasi ya pili, vilevile. Tatu na hamsini!

Nafasi ya tatu nikamsikia mdogo wangu. Chini kwa chini, kichwa kwenye daftari, kama mtu anayesali.

Toa kumi.

Mimi nimetoa, na yeye anatoa.

Ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa pale pale, na kusema kungenilazimu kueleza habari za tepu. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili naiandika kwa kuwa daftari hili nalifungia kwenye droo. Niliona kwamba kazi ikiharibika kidogo, kidogo tu, atamhitaji mtu wa kuitengeneza. Mtu mwenye uzoefu. Sentimita kumi mara nane ni themanini. Niliipata hesabu hiyo kabla hatujafika nafasi ya nne.

Nikanyamaza. Nafasi zote nane.

Tulipomaliza akasema asante kaka. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akanipa. Tukanywa tumekaa juu ya ndoo za rangi, kama zamani, yeye akinicheka kwamba kalamu ya sikioni inanifanya nionekane kama karani wa mahakama. Nikacheka na mimi. Chai ilikuwa tamu.

Jumatano, tarehe 8

Barabara hazikukutana.

Rangi ya barabara inakauka kwa nusu saa na haitoki kwa kuombwa. Ya kushoto ilikuja kutoka kushoto, ya kulia ikaja kutoka kulia, na zilipaswa kushikana mwisho wa uwanja, mbele ya bomba la maji. Zimepishana kwa sentimita themanini. Theluthi mbili za upana. Mtoto akitoka kushoto, akafuata sheria zote, akanyoosha mkono vizuri, anajikuta amelikumbatia bomba.

Mdogo wangu akakaa. Si kwenye ndoo. Chini, kwenye saruji. Akafungua daftari, akajumlisha. Akajumlisha tena. Kisha akabaki anaitazama namba moja muda mrefu.

Mwalimu mkuu akaja. Akauliza kosa ni la nani. Akaniangalia mimi, msimamizi.

Hapa ndipo mpango wangu ulipopaswa kuchanua. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi: napiga hatua moja mbele, nakohoa, natangaza kwamba duka langu litaibeba kazi hii, naye ananitazama kwa macho ya mtu aliyetolewa kisimani.

Akanitangulia. Akasema kosa ni lake, alipima vibaya. Akasema msimamizi alisoma sawasawa, msimamizi hana neno. Akaomba muda.

Msimamizi hana neno! Na kweli sikuwa nalo. Nilibaki pale, mguu mmoja mbele.

Mwalimu mkuu akampa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Isipokaa sawa, ataitwa mtu mwingine apake kila kitu rangi ya kijivu na kuanza upya, na yeye asitarajie kuitwa na shule nyingine yoyote, kwa kuwa walimu wakuu wanazungumza. Hii ni kazi yake ya kwanza peke yake. Siku ya tano ya ukandarasi.

Nyumbani sikuweza kula. Mke wangu kadhani ni chumvi, kaonja sahani yangu, kasema chumvi ipo, basi tatizo ni mimi.

Alhamisi, tarehe 9

Kaja dukani. Mwenyewe, kwa miguu yake!

Nikapata muda mdogo tu wa kusukuma chini ya meza bango la duka la dawa. Neno lenyewe ni DAWA tu, herufi nne, nimelitolea jasho siku mbili. Akaliona. Akasema A ya pili imelewa.

Kisha akasimama mbele yangu, mikono mifukoni mwa ovaroli, akaniuliza swali moja. Kaka, juzi ulikuwa umeshatoa kumi?

Maneno matano. Jibu lake lilikuwa neno moja, tena fupi.

Nikasema sikumbuki.

Mimi! Ninayekumbuka urefu wa kila bango nililowahi kuandika, tangu lile la kwanza la muuza mkaa, futi nne na nusu, herufi nyeusi. Sikumbuki juzi!

Akatikisa kichwa polepole. Akasema haya kaka. Akachukua brashi yangu, akainyoosha ile A kwa mkupuo mmoja, akairudisha brashi kwenye kopo, akaenda zake.

Baada ya kuondoka nikapanda juu ya stuli (ngazi sina) nikakipima kibao. Kutoka mwisho wa herufi zangu hadi ukingo wa kulia, nilisoma arobaini na moja. Toa kumi. Thelathini na moja. Jina lake lina herufi tano. Herufi ya sentimita sita, mara tano, thelathini. Linaingia, na sentimita moja inabaki.

Nafasi ilikuwepo. Miaka kumi na minne ilikuwepo. Pana picha ya brashi pale, nzuri sana, watu huisifia. Aliichora yeye, kuziba pengo.

Nikashuka, nikakaa. Mteja akaja. Nikamwambia tumefunga. Tumefunga, nilisema, kama vile tuko wengi.

Ijumaa, tarehe 10

Saa tano na dakika arobaini alikuwa amemaliza. Dakika ishirini kabla ya muda. Ndivyo alivyo.

Hakufuta kitu. Barabara ya kushoto ameikunja taratibu, ya kulia ameikunja taratibu, na katikati, mahali pale palipokuwa na aibu, amechora kisiwa. Cha njano, umbo la jani, sentimita themanini pale kilipo kipana zaidi, ukingo mweupe. Mtoto anavuka nusu ya barabara, anasimama kisiwani, anangoja, anaangalia, anavuka nusu iliyobaki. Ukitazama unadhani uwanja wote ulichorwa kwa ajili ya kisiwa kile.

Mwalimu mkuu kakizunguka mara tatu. Kasema vitu vingine ni vizuri, lakini hiki ndicho kinachofundisha. Kamuuliza wazo kalitoa wapi. Mdogo wangu kasema limetokana na hesabu. Hakuniangalia. Ningependa angeniangalia.

Nikatia sahihi. Penye maoni ya msimamizi nikaandika: kisiwa kinafaa. Halafu nikaongeza: kama ilivyoshauriwa. Sijui kwa nini. Mkono ulijiendea wenyewe.

Nimeamua. Kesho msimamizi anapewa dakika mbili za kuongea. Nitasema. Mbele ya wazazi wote, mbele ya Mama. Nilikuwa nimeshatoa kumi. Nimelisema mara ishirini mbele ya kioo cha bafuni. Binti yangu kagonga mlango, kauliza naongea na nani.

Jumamosi, tarehe 11

Watu sabini na wanne, baiskeli kumi na mbili. Anga safi. Shati jeupe, limekauka hatimaye.

Mdogo wangu alikuwa ameamka mapema akazipa barabara majina, herufi ndogo nyeupe, kila moja mahali pake. Barabara ya Kengele. Njia ya Madaftari. Mzunguko wa Mapumziko. Na juu ya kile kisiwa: KISIWA CHA KUMI.

Nikasoma. Nikasoma tena.

Mwalimu mkuu akauliza, mbele ya watu wote, kwa nini kumi? Mdogo wangu akasema aulizwe kaka, kaka ndiye anayejua. Akatabasamu kidogo. Halikuwa tabasamu baya. Ni kama mtu anapokufungulia mlango na kusogea pembeni upite.

Watu sabini na wanne wakanigeukia. Maneno yalikuwa ulimini, yamepangwa, yamefanyiwa mazoezi.

Nikasema: kwa sababu wanaenea watoto kumi.

Makofi! Na ingeishia hapo, ila mwalimu mkuu ni mtu wa vitendo. Akaita watoto kumi. Wanne walisimama vizuri. Wa tano alisimama kwa mguu mmoja. Wa sita alijishikiza kwenye mkanda wa wa tano. Wa saba alipopanda, wa kwanza akaanguka barabarani, na kwa kuwa walikuwa wameshikana, wote wakamfuata. Kinyozi akacheka mpaka akachuchumaa. Sauti kutoka nyuma ikasema leo Bwana Tepu kapima kwa macho. Mama hakucheka. Mama alikuwa ananitazama mimi tu, na Mama amenijua muda mrefu.

Dakika zangu mbili nilizitumia kusifu ubora wa saruji.

Aliyefungua njia kwa baiskeli ni binti yangu. Hajawahi kuendesha bila mimi kumshikia kiti. Alipita Barabara ya Kengele, akakata Njia ya Madaftari, akafika kisiwani, akasimama, mguu chini. Akaangalia kushoto. Kulia. Kushoto tena. Akavuka, peke yake, mgongo umenyooka kama bibi harusi. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha, jioni za wiki hii, wakati mimi nikihesabu unene wa mishale. Machozi yalinitoka kidogo. Nimesema ni vumbi la chaki.

Watu walipotawanyika nilimkuta mdogo wangu bombani anaosha brashi. Akaniambia bila kuinua kichwa. Alijua tangu Jumatano, pale chini, alipojumlisha akapata themanini kamili. Duniani kote, alisema, hakuna watu wanaoweza kukosea sentimita kumi mara nane isipokuwa mimi na yeye. Alhamisi hakuja kuuliza. Alikuja ili niseme. Na leo alinipa nafasi nyingine, tena kwa rangi nyeupe.

Nikamuuliza kwa nini basi alijibebesha kosa. Akashangaa swali. Akasema mbele ya watu angesemaje, we ni kaka yangu.

Nikamwambia kuhusu kibao, kwamba nafasi huenda ikapatikana. Akasema kibao hakitaki tena. Anachotaka ni kunisikia nikisema nimekosea, mara moja tu, ajue linavyosikika. Ipo shule ya pili inayotaka bustani ya barabara. Jumatatu ataanza kupima na anahitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Kama nina la kusema, niende. Kama sina, atamchukua kinyozi.

Kisha akafuta mikono, akatoa mfukoni tepu mpya ya njano, bado imo kwenye karatasi yake. Akasema hii ni yako kaka, inaanzia sifuri.

Sijapewa zawadi na mtu tangu nioe.

Jumapili, tarehe 12

Siku nzima naandika barua. Mama anapita mlangoni kila baada ya nusu saa, anauliza kama bado ni barua au sasa ni kitabu.

Nilianza vizuri. Mstari wa kwanza: Nimekosea. Neno moja. Nikalitazama. Limekaa uchi, linaonekana kama limeandikwa na mtu mwenye hatia. Nikaona livalishwe maelezo. Nikaeleza habari za mwalimu mkuu na miwani yake. Nikaeleza kwamba anayeandika naye ana wajibu wa kuuliza. Nikakumbusha ngazi ilishikwaje miaka ya mwanzo na nani alimfundisha nani. Halafu la kibao, kwa kuwa mimi si mtu wa kinyongo: jina lake nitaliandika, herufi zote tano, sentimita sita kila moja, upande wa ndani wa kibao, unaotazama dukani, ambako yeye mwenyewe ataliona kila siku. Karatasi ikajaa pande zote mbili. Ilinibidi niondoe kitu ili sahihi ipate mahali. Nimeondoa lile neno la kwanza. Nafasi haikutosha.

Mke wangu kaisoma. Kauliza pole iko wapi. Nimemwambia mtu mwenye akili ataiona.

Tepu mpya ni nzuri, nakiri. Ila inanivuruga. Nimepima meza mara mbili, mara mbili nimetoa kumi bila kujua, meza ikawa fupi. Mtu hawezi kubadilisha hesabu yake katika umri huu. Nimechukua mkasi, nimekata sentimita kumi za mwanzo. Safari hii nimekata kwa kunyooka. Sasa iko sawa.

Barua atapeleka binti yangu kesho asubuhi, apitie kisiwani. Nimeifunga, nimeifungua, nimeongeza mistari ya mwisho ili mambo yawe wazi na tusipotezeane muda. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

"Mdogo wangu, unarudi dukani au hurudi? Maelezo sitaki. Nataka jibu la moja kwa moja, ndiyo au hapana, Jumatatu kabla ya saa kumi kamili."